Ndege wa Huku Hawajui Mwito Wako

Babati, Jumapili jioni

Kwako Baba,

Shikamoo. Najua umeshaitika marahaba hata kabla Zuhura hajashusha pumzi, na umeshamwambia asome polepole, asikimbie kama anafukuzwa. Zuhura, mdogo wangu, umesikia. Msomee Baba polepole.

Habari za hapo Tunduru? Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku imenitia adabu. Asubuhi inashuka kutoka mlima Kwaraa inaingia mpaka kwenye mifupa. Nalala na soksi, Baba, mwanao wa kiume.

Kwenye simu hatuongei. Unaniuliza kama nimekula, nikisema nimekula unampa Zuhura simu. Ndiyo maana naandika. Tena Zuhura aliniambia kiangazi hiki hukwenda porini hata mara moja, na tangu miguu ikukatalie hakuna mtu hapo nyumbani anayemwita sego, ndege wetu wa asali. Neno hilo limenikaa rohoni.

Kazi ipo. Mashine ya kukamua alizeti inanguruma kutwa, tunaongea kwa mikono. Jioni ikizimwa masikio yanabaki yanavuma, na kila mtu anakwenda kwake. Kwangu ni chumba kimoja kwa Mama Paskali, mwenye nyumba wangu, Mmbulu, mtu mwema sana, lakini naye ana watoto wake na kanisa lake. Huku wote wananiita Fundi. Wiki inaweza kuisha sijasikia mtu akisema Rashidi. Usidhani nalalamika. Haya, nalalamika kidogo.

Jumapili ndiyo siku yangu, na nimejizoesha kwenda ziwani kuangalia ndege. Utacheka, najua. Wewe ndege ulimfuata akupeleke kwenye asali, mimi namwangalia tu na kurudi mikono mitupu. Nilinunua darubini kuukuu kwa dereva mmoja wa watalii. Nakaa kwenye nyasi naangalia ndege mwari wakivua samaki kwa pamoja, viboko wakitoa pua, na kuna ndege mmoja mwenye vidole virefu anatembea juu ya majani ya yungiyungi kama yuko sebuleni kwake. Wenye mashamba kando ya ziwa waliamua mimi ni mtu wa ardhi. Siku moja walikuja wazee wawili wamevaa makoti, wakanisalimu kwa heshima zote, wakauliza bikoni za kupimia mashamba nitaziweka wapi. Nikawaambia naangalia ndege. Wakatazamana. "Mtu mzima?" mmoja akauliza. Mpaka leo nikipita pale mazungumzo yanakatika.

Sasa sikiliza hili. Mwezi uliopita nilipanda njia ya Kwaraa, nikamsikia. Sego yuleyule, Baba, sauti ileile ya mtu anayetikisa kiberiti kilichojaa. Nikavuta pumzi, nikaita kama ulivyonifundisha: brrrr-hm. Akanyamaza. Nikaita tena. Akaniangalia, akaruka, akaenda zake. Niliita mpaka midomo ikafa ganzi. Nikarudi nimenyong'onyea, nikisema basi, nimekaa mbali mno, mwito umenitoka.

Mama Paskali aliona sili, akauliza. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwita kaka yake Bura, mwenye mizinga kule mlimani. "Hebu mfanyie asikie," akasema. Nikaita palepale uani, kuku wakatawanyika. Bura hakucheka. Akasema, "Umeita vizuri tu, Fundi. Ila huyu ni ndege wa huku, na wewe unamwambia mambo ya kwenu." Wao hupiga mluzi, mrefu, unapanda halafu unashuka taratibu.

Jumapili iliyofuata alinichukua. Akapiga mluzi wake, sego akaja, akatupeleka mti kwa mti mpaka kwenye tundu la nyuki. Bura akafukiza moshi, akatoa asali, na masega yaliyobaki akayafukia kwenye udongo. Nilishtuka. "Akishiba leo, kesho haitiki," akaniambia. Nikakukumbuka ulivyokuwa unachuma majani mabichi kwanza, unamwekea sego nta yake juu ya majani hayo, ndipo sisi turuhusiwe kulamba vidole. Bura alipotangulia nilifukua kipande nikamwekea ndege kwenye majani. Aligeuka akaniona. Akatikisa kichwa tu, tukaendelea.

Huo mluzi nami sasa naujua. Leo asubuhi nimekwenda peke yangu, nikaupiga, na sego akaja juu ya kichwa changu. Ilipaswa nifurahi. Nimesimama chini ya mti nikitafuta mtu wa kumwambia, hakuna. Nimelia, Baba. Zuhura, hapo usiruke. Nimelia kwa sababu midomo inazoea. Huku mwito wako hauna kazi, na huko wewe huendi tena porini. Mimi nikishazoea mluzi wa watu, atabaki nani wa kuujua mwito wako?

Ombi langu ndilo hili. Mfundishe Zuhura. Najua kwetu mwanamke haendi kurina asali, na najua Shangazi atapandisha sauti. Basi asirine. Asimame tu pale mwisho wa mikorosho, aite. Pumzi anazo kuliko mimi, na kwa taarifa yako, tangu mdogo alikuwa akijaribu kwa kujificha nyuma ya jiko. Nilimsikia nikanyamaza.

Mnisalimie Mama Mkubwa aliyetulea, mwambieni ugali wa muhogo nauota. Shangazi Hadija nampa shikamoo yake mapema, apunguze ukali. Mjomba Yasini anayekwenda stendi kupokea mizigo yangu kwa baiskeli, namshukuru. Mama Paskali naye anakusalimu. Hakujui, lakini anakuita Baba Fundi, na anauliza kila mara kama kifua kimepata nafuu.

Zuhura, Ijumaa nikipiga simu usianze na salamu. Mweke Baba karibu, akusahihishe ukikosea. Vuta pumzi, uniite kama anavyoita yeye.

Mimi nitaitika.

Mwanao,
Rashidi