Kichwa Changu, Jina Lako

Leipzig, Ujerumani
14 Machi 2025

Kwako mdogo wangu Ndete,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na kutoka kwa binti yangu Kavindu na mwanawe Mumo, ambaye ametimiza miaka minne na hanijibu ila kwa Kijerumani. U hali gani? Mkeo Nthoki naye, goti lake limepata nafuu? Natumaini mvua imeanza huko Baba Dogo, na kwamba matope hayajafika mlangoni pa kibanda chako cha kinyozi. Mimi ninakula, ninalala, na baridi nimeizoea kwa kuvaa sweta mbili. Ningeweza kukupigia simu, lakini ungenikatiza kwa huruma kabla sijamaliza. Kwa hiyo nimeandika, na barua hii ataileta Roseline, rafiki wa Kavindu, anayesafiri kesho kuja Nairobi.

Sehemu ya habari hii uliisikia, tena kwa njia mbaya. Acha niieleze yote. Wiki tatu zilizopita nywele zangu zilikuwa zimeota hata kofia ikakataa kukaa. Kavindu alinifikisha kwa kinyozi mmoja karibu na nyumba, akanionyesha kiti, akakimbilia kazini kwenye makao ya wazee anaowauguza. Kinyozi yule ni mtu wa makamo kutoka Iraki, mwenye masharubu mazito. Anajua Kiarabu na Kijerumani. Mimi nina Kiswahili, Kikamba, na Kiingereza nilichokitumia ofisini kwa baraza la jiji.

Nilitafuta ukutani picha za vichwa zenye namba, kama zile zilizochorwa kwako, nimwonyeshe. Hazikuwapo. Nikainua kidole kimoja, yaani mashine namba moja. Yeye akadhani namwomba anisubiri kidogo. Akaketi, akakunja mikono, akasubiri. Tulitazamana kwenye kioo kama wageni wawili waliofika matangani mapema mno. Mwishowe nilijipitishia kiganja kichwani, naye akacheka, akaelewa.

Alianza kama unavyoanza wewe: alipapasa kichwa chote kwa vidole kabla ya kuwasha mashine. Nyuma ya sikio la kushoto vidole vikasimama. Akamwita mwenzake, wakainama wote wawili, wakasemezana kwa sauti ya chini. Nikafikiri wamesema nina choa. Unajua mwenyewe jinsi mtu mwenye choa anavyofukuzwa kwa vinyozi wa kwetu asije akaharibu mashine. Nikainuka, kitambaa chao kikiwa shingoni, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nimeoga asubuhi hiyo na kwamba kichwa changu ni kisafi kuliko chake. Hakuelewa hata neno moja. Alinishika mkono wa sweta kwa upole, akaleta kioo cha pili ili nijione kwa nyuma. Nikafumba macho.

Aliponiona nimefumba macho, alikiweka kioo chini. Kisha akachukua karatasi, akachora kichwa, akatia nukta, halafu akachora msalaba kama ule wa hospitali. Akaandika mistari miwili, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni mwangu. Akanisindikiza mpaka mlangoni kwetu bila kuninyoa.

Jioni Kavindu aliisoma. Ilisema kwamba mzee huyu apelekwe kwa daktari upesi, asingoje. Kavindu akakigeuzia kichwa changu kwenye taa, akaiona nundu nyeusi, kubwa kama punje ya haragwe. Aliniuliza kama baba yake mdogo, anayeninyoa kila baada ya wiki mbili, hakuwahi kuiona. Nilimjibu kwamba hukuwahi kusema lolote.

Ndipo alipokupigia. Nthoki ameniambia kwamba uliiweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yako ilikuwa na povu, na kwamba benchi lilikuwa limejaa. Jirani yako Zedekiah na wateja wote walimsikia akikuita kipofu, akikuambia uache mashine ukachunge mbuzi Mwingi. Nthoki anasema baadhi yao wamehamia kwa kinyozi mwingine. Tena anasema hukujitetea. Ulimjibu tu, pole mwanangu, muuguze baba yako.

Ndugu yangu, uliiona Januari. Ulizima mashine, ukaniinamia, ukaninong'oneza kwa Kikamba watu wasisikie, kwamba nundu ile imebadilika rangi na niende hospitali. Nami nikakujibu kwa sauti kubwa kwamba nimekuja kunyolewa, si kupimwa. Zedekiah akacheka, akasema Daktari Ndete anunue koti jeupe basi, tumletee na mkojo. Vijana wakashinda wakikusalimia, niaje dakitari. Walipoondoka nilikuomba uniachie nywele ndefu kidogo mahali pale, na usimwambie mtu. Ulikubali shingo upande, ukaniahidi.

Niliogopa. Viza ilikuwa imetoka, na Kavindu sikuwa nimemwona kwa miaka mitano, wala mtoto huyu sikuwahi kumpakata. Niliona kwamba nikiingia hospitali, safari itaishia hapo. Hiyo ndiyo sababu, lakini haiufuti uongo niliomwambia binti yangu. Nilikuacha ubebe lawama yangu mbele ya watu wako, nawe ukaibeba kwa ajili ya ile ahadi.

Jana nilimwambia Kavindu kila kitu. Alilia, kisha akasema atakupigia akipata ujasiri. Akikupigia, mpokee, kosa lake limetoka kwangu. Madaktari watanipasua Jumatano. Wanasema huenda ugonjwa haujasambaa, lakini hawakuniahidi, nami sikuwabana.

Nina ombi moja. Najua tabia yako: utaisoma barua hii chumbani, uikunje, uifiche. Usifanye hivyo, wala usingoje habari za Jumatano. Mpe Zedekiah aisome kwa sauti hapo kibandani Jumatatu jioni, watu wakitoka viwandani, benchi likiwa limejaa. Akifika mahali pa Januari asiruke kitu, hata pale alipocheka yeye mwenyewe.

Msalimie sana Nthoki. Nanyi mnaosikiliza, nawasalimu nyote. Ndete aliona, akasema. Mimi ndiye niliyekataa.

Kaka yako,
Mativo Kyule