Fremu ya Ghorofa kwa Nyumba ya Baba Mkwe

Mpendwa Mama Mshauri,

Nina furaha, ila ni furaha kama wali mtamu wenye kokoto moja, naomba unisaidie kuitoa kabla sijavunja jino. Mimi ni Wamalwa, Mkenya, fundi wa plasta hapa Bwaise, na mwaka huu wa 1995 nilimaliza hosteli ya ghorofa nne kule Wandegeya, kila dirisha nimelizungushia fremu ya plasta yenye upana wa futi moja na nusu, na watu husimama kuitazama. Aliyesimama zaidi ni mzee Ogwal, fundi cherehani wa Kyebando, baba yake mchumba wangu Acan, na tarehe 3 Juni, ambayo katika shajara yangu nimeipigia mistari miwili, alikubali nimwoe binti yake, akanishika mkono akasema, "Sasa, mwanangu, nyumba yangu uivalishe kama ile ya Wandegeya, upana uleule, wageni wa harusi waone," nami nikajibu, "Ndiyo, baba," kabla sijafikiri, kumbe nyumba yake ni ya chini, mlango mmoja na madirisha mawili madogo, na nilipopima nikaona fremu zitagusana, ukuta utamezwa, na madirisha yatabaki kama macho ya mtu aliyeumwa na nyuki. Nilipomwambia inchi nne zinatosha akanuna: "Tajiri wa hosteli umempa futi na nusu, mimi ninayekupa mtoto unanipa inchi nne?" Acan anacheka tu, "Chagua, Wamalwa, unanioa mimi au unaoa ukuta?" Mama, nikitii nitamwaibisha mbele ya wageni, nikikataa atasema namdharau, nifanyeje?

Wamalwa, Bwaise

Mwanangu Wamalwa,

Hongera! Sasa nikugombeze. Nani alikufundisha kuitikia kazi kabla ya kupima ukuta? Na ulipomtajia mzee inchi zako, ulitegemea asikie nini? Mtu anayetoa binti hapendi kusikia habari ya kupunguziwa.

Lakini umeandika jambo moja ukalipita mbio: mzee ni fundi cherehani. Huyo anajua kwamba kola ya askari mwenye shingo nene haishonwi kwenye gauni la ubatizo, na hakuna mtoto mchanga aliyewahi kulalamika kwamba amedharauliwa.

Basi, siku isiyo na mvua, nenda na maboksi matupu, uyakate vipande. Dirisha la kushoto lizungushie vipande vya futi moja na nusu, la kulia vya inchi nne. Halafu nyamaza! Mvushe mzee barabara, asimame watakaposimama wageni, umwambie, "Baba, wewe ndiwe unayejua kuvalisha. Nipimie." Akisema inchi tano, ni tano, usibishane.

Na pale upana unapopungua, ongeza ufundi wa mkono: mchongee kingo, zilainishe, apate kitu ambacho tajiri wa hosteli hana.

Siku ya harusi wageni wakiuliza nani alipima fremu hizi nzuri, jibu kwa sauti: "Baba mkwe wangu." Naye Acan mwambie unamwoa yeye. Ukuta ni wa baba yake.