Ndoo Tatu na Sinki Moja

Jumatatu, 3 Machi
Limefika! Gurudumu langu la kufinyangia limewekwa chumba cha kufulia, kati ya mashine na meza ya pasi. Nimelizunguka mara nne. Mkunga mstaafu, miaka sitini na mbili, nachekacheka na kifaa.

Binti yangu hakucheka. Nyumba ni yake na mumewe, mimi nimekaribishwa tu. Kasema wazi: mabomba ya humu ni ya zamani, sinki likiziba hata mara moja, gurudumu linarudi dukani. Mkwe kaitikia kila neno huku akitazama viatu vyake. Karani wa mahakama huyo, hupiga pasi hadi soksi. Miaka sita ya ndoa hajaniangalia usoni. Heshima tele — inanichosha.

Jumatano, 5 Machi
Nimejipangia ndoo tatu. Ya kwanza ya kunawa tope zito, ya pili ya kusuuza, ya tatu ya kumalizia. Usiku udongo unazama chini. Asubuhi maji ya juu nayamwagia maua, tope nalianika nilitumie tena. Sinki silisogelei mpaka mikono iwe safi kama ya kuzalishia.

Bakuli la kwanza limeporomoka. La pili pia. Watoto wote wale niliowapokea, hakuna aliyeniponyoka! Natumia udongo mwekundu tu kwa sasa. Ule mweupe, mzuri, uko chini ya meza na mfuko wake haujafunguliwa. Mkono ukomae kwanza.

Jumamosi, 8 Machi
Limesimama! Bakuli. Dogo, limeinama upande kama linasikiliza umbea, lakini bakuli. Nimelitembeza nyumba nzima. Binti kauliza ni la kuwekea nini. La kutazama, nikamwambia. Mkwe naye kauliza — yeye, kuuliza! — udongo unakaa muda gani kabla ya kuchomwa. Nikamweleza mpaka chakula kikapoa.

Jumanne, 11 Machi
Nimetoka kliniki kupima presha. Sinki limejaa maji na hayashuki. Wangenipima sasa hivi wangenilaza.

Binti hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema fundi anakuja Alhamisi, na dukani atapiga simu. Nimekosea wapi? Hata sifongo naikamulia ndooni. Nimelia kidogo. Halafu nikakaa nikafinyanga, kama ni kuondoka, gurudumu liondoke limechoka.

Alhamisi, 13 Machi
Sijui nianzie wapi. Nacheka mpaka kalamu inaruka.

Fundi bomba kaja saa tatu. Binti kazini. Mkwe kaomba ruhusa ofisini, eti anisaidie kumsimamia fundi. Nikashangaa. Fundi kaweka beseni, kafungua ile shingo iliyopinda chini ya sinki. Pwaa — donge kama ngumi. Jeupe pe.

Nikasema polepole: wangu ni mwekundu.

Nikachungulia chini ya meza. Mfuko umefunguliwa, ukakunjwa vizuri, ukabanwa na klipu. Klipu ya ofisini! Nikageuka. Mkwe anasoma dari. Kisha, kwa mara ya kwanza ndani ya miaka sita, kanitazama usoni. Kakiri: ni mimi, mama. Kila nikitoka, anakaa kwenye gurudumu. Mikono ananawa sinkini. Na zile ndoo? Alidhani ni za kufulia.

Masikini, ziko chumba cha kufulia, angedhani ni za nini? Na mimi sikuwahi kumweleza mtu.

Fundi alipoondoka, mkwe katoa kikombe nyuma ya sabuni, kimefunikwa kitambaa kibichi. Kizuri. Kizuri kuliko bakuli langu, na nimemwambia, ingawa kwa shida. Tatizo kishikio, kila akikibandika kinadondoka. Nikamwonyesha: kwaruza pande zote mbili, paka uji wa udongo, bana. Tumekaa mpaka jioni bila kula. Mtu huyu anacheka kwa sauti! Sikujua.

Hii alama nyeupe kwenye ukurasa ni kidole changu.

Anataka amwambie mkewe mwenyewe. Naogopa. Binti alisema sinki likiziba, hakusema likizibwa na nani. Gurudumu likienda sasa, tunalikosa wawili.

Gari la binti limeingia. Mkwe kashtuka, mikono myeupe hadi viwiko, moja kwa moja kwenye sinki. Nikaita: ndoo, baba! Ndoo ya kwanza! Katumbukiza yote miwili.

Binti anaita toka sebuleni: mama, dukani wamekubali kulichukua, wanakuja kesho asubuhi.

Mkwe kajibu kabla sijafungua mdomo. Kamwambia njoo huku kwanza.