Saa Mbili za Drocella

Mama,

Nimechukua jembe la mdogo wangu Drocella. Leo maharage nitapalilia mimi. Mwache nyumbani: somo lake la uuguzi linaanza kwenye simu saa nne na kuisha saa sita kwa mtihani. Akiukosa, wanamfuta kwenye orodha. Simu imejaa moto, chaji haitaisha, na rezo ya mtandao inashika vizuri karibu na dirisha. Saa hizo mbili usimtume maji, wala usimpe mtoto abebe.

Asubuhi uliposema, “Simu njo itapalilia maharage?” nilikupigia kelele. ~~Sijutii.~~ Nisamehe. Mwaka jana nilipoacha masomo kama hayo, nilisema rezo ndiyo iliyonishinda. Kiburi tu, Mama. Rezo ilikuwapo. Niliitwa kila mara katikati ya somo, na jioni hakuna aliyeniuliza nimejifunza nini. Nikachoka kusoma peke yangu.

Leo jioni muulize Drocella, hata usipoelewa jibu. Unamjua, atakueleza mpaka uelewe.

Nilitafuta maneno mazuri ya kukuomba radhi, nikakosa. Ndiyo maana nimechukua jembe.

Mboga ya sombe mniachie, na isiwe kidogo.

Mwanao wa kwanza, yule wa kelele