Si Mimi Niliyekushika Katikati

Sudi,

Naandika polepole. Kila baada ya mistari mitatu minne naulaza mkono wa kulia juu ya goti upumzike, kisha naendelea. Sababu ya mkono kuwa hivi ndiyo barua yenyewe, na najua ungeisikia ungecheka kwanza, halafu ungenitukana. Afadhali ungekuwepo unitukane.

Niko nyuma ya nyumba yenu, hapa Ujiji, kwenye kiwanja chetu cha vyuma. Nimekalia ile ndoo ya rangi uliyoijaza zege ikapasuka ubavuni. Bomba la kujivutia bado lipo, kati ya ukuta wa choo na mchikichi. Limeota kutu lote, isipokuwa pale viganja vyako vilipokuwa vinashika. Mama amelifua shati lako la kazi mara mbili na bado linanuka samaki, ile migebuka ya ufukweni Katonga. Hataki mtu alichukue.

Namwita Mama kwa haki yangu. Yule aliyenizaa alipougua uzazini, mama yako ndiye aliyeninyonyesha, wewe upande mmoja na mimi upande wa pili, mpaka nikaota meno. Tukawa ndugu wa kunyonya. Mtaa mzima ukawa unasema tumegawana kila kitu isipokuwa akili, na akili yote imekwenda kwako. Ulikuwa unalipenda sana neno hilo. Mimi nilikuwa nacheka huku linaniuma.

Nianze na siku tuliyomzika baba yako, niliyemwita Baba, maana ndiko yote yalikoanzia. Tulishuka kaburini watatu: baba mdogo kichwani, wewe miguuni, mimi katikati. Juu yetu wameshika shuka, kumekuwa giza kidogo na joto, udongo unatudondokea shingoni. Walipotuteremshia Baba, nikanyoosha mikono na kuikunja kama ninavyokunja vyuma, nikijiona mimi ndiye mwenye mikono hapo. Ikaanza kutetemeka. Baba alikuwa mtu mzima mwenye mwili wake. Nilihisi anateleza. Wewe ukaninong'oneza, bila kuinua kichwa: "Usimbebe kwa mikono, Rama. Mlete kifuani. Simama kwa miguu." Nikamleta kifuani, nikakaza mgongo, miguu ikabeba, na tukamlaza kwenye mwanandani taratibu kama mtu aliyelala. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na wewe.

Tuliporudi tulipitia ziwani kunawa udongo. Maji yalikuwa ya baridi. Ulikuwa unajisugua kucha, ukasema, kwa sauti ileile unayoagizia chai: "Zamu yangu ikifika, wewe shika katikati. Usiniachie watu wengine." Nikakujibu kwamba wewe ndiye utakayenizika mimi, kwa sababu huli chipsi. Lakini ulinikazia macho mpaka nikasema, "Nimekubali." Nilikubali, Sudi. Nilitoa neno langu pale.

Ungedhani mtu aliyenusurika kumwangusha Baba angebadilika. Mimi sikubadilika. Nilijiambia mikono ilitetemeka kwa sababu ilikuwa midogo, basi dawa yake ni kuikuza. Ndipo ule ubishi wetu uliposhika moto. Wewe uliamini mkono haukui kwa kubembelezwa. Ujivute bombani, uisukume zege juu ya kichwa, uzivute kamba za boti za mizigo, mgongo na mabega vifanye kazi na mkono ufuate. Mimi niliamini ukitaka msuli ukue unautenga. Kiwiko kigande ubavuni, mwili wote utulie, ukunje na kukunjua msuli huo mmoja mpaka uwake moto. Mimi ni kinyozi. Nasimama mbele ya kioo kutwa nzima mkono ukiwa juu, na mteja hana pengine pa kuangalia. Wewe ulikuwa unabeba makreti ya dagaa ufukweni na hukuhitaji kioo.

Tukawekeana miezi mitatu. Wewe njia yako, mimi yangu, na mwamuzi wetu fundi Athumani mwenye cherehani kwenye baraza la saluni yangu, kwa sababu ndiye mwenye futi ya kupimia. Masikini Athumani. Tulivyokuwa tukimtania wembamba wake, eti akisimama ubavu humwoni hata umdai salamu. Alikuwa anatupima mikono, anaandika kwa chaki juu ya meza, anatikisa kichwa na kurudi kwenye suruali za watu.

Ungependa kujua nani alishinda. Mimi. Siku ya mwisho wa miezi mitatu mkono wangu ulikuwa umeongezeka na wako umepungua. Nilipiga kelele pale barazani hadi wapita njia wakasimama. Athumani hakucheka. Alikushika tena mkono, akapima tena, akakuuliza, "Sudi, unakula?" Wewe ukasema unakula, ila chakula hakikai, na viatu vimeanza kukubana. Nilisikia maneno hayo. Niliyasikia vizuri kabisa, na nikaendelea kujisifu.

Figo, wakasema hospitali. Baadaye wakasema mengi mengine, na safari za nje ya mkoa zikafuata, na kila ukirudi ulikuwa umebaki nusu ya ulivyoondoka. Miguu imevimba, mikono imekwisha. Kila Ijumaa asubuhi nilikuwa nakuja na mashine yangu nikunyoe kitandani. Hiyo nilikuwa naifanya vizuri. Nilijua kisogo chako kuliko uso wangu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ijumaa ile nilikuja na fulana isiyo na mikono. Kwa nini niliivaa kwenda kwa mgonjwa? Sina jibu la heshima. Ukaniangalia nikiwa nakunyoa upande wa kulia, ukatabasamu, ukasema kwa ile sauti yako iliyokuwa imebaki hewa tu: "Mikono mizuri, mwanangu. Ya kupigia picha." Ulikuwa unanitania kama siku zote. Mimi nikasema, "Angalau mimi ninayo."

Uliitazama mikono yako juu ya shuka, mmoja kisha wa pili, ukaiingiza ndani ya shuka yote miwili. Nikamalizia upande wa kushoto. Nilikuwa na nafasi ya kusema samahani kwa muda wote wa kunyoa nusu ya kichwa, na wewe unajua mimi sinyoi haraka. Nikafunga mashine nikaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja jimu ya mjini, ile yenye vioo kuta zote. Nilikuwa na hasira, na sikutaka kukiri kwamba hasira yenyewe ni juu yangu. Nikapakia chuma ambacho sijawahi kukikunja. Mara ya kwanza nilikirusha kwa kiuno. Mara ya pili kikapanda nusu, nikasikia ndani ya kiwiko kitu kimelia pa, kama kamba ya nguo ikikatika, na msuli wote ukakimbilia juu ukajikunja karibu na bega kama soksi iliyovuliwa. Nilijiona kwenye vioo vyote vinne. Ule mkono wa kupigia picha, Sudi, ulikuwa umekufa mbele ya macho yangu.

Nikauficha. Niliwaambia wateja nimeteleza bafuni, nikavaa mikono mirefu kwenye joto lile, nikaanza kunyoa kwa mkono wa kushoto na kuharibu vichwa vya watu. Hospitali sikwenda, nikisubiri upone wenyewe. Nilipokwenda baadaye daktari aliniambia kano imekatika, na kwamba ningewahi ingeshoneka kirahisi zaidi. Ijumaa iliyofuata sikuja kukunyoa. Nilimtuma dada yako Mwajuma akwambie nina kazi nyingi. Alinitazama usoni, akaenda. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa ungeuona mkono na kujua wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nikasema nitakuja mkono ukipungua uvimbe. Mkono wangu ndio niliokuwa nausubiri, wakati wewe ndiye uliyekuwa unaondoka.

Ulifariki Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na mteja kitini. Kichwa chako hakikuwa kimenyolewa wiki mbili.

Tulikuzika baada ya alasiri. Fundi Athumani ndiye aliyepima sanda, kwa futi ileile, akakata bila kukosea. Binamu yako alikuwa amewahi boti ya asubuhi kutoka Mwamgongo kuja kukuona, hajui kinachomsubiri. Tukakubeba kwa zamu, na mimi nikaweka bega la kushoto. Hapo niliweza. Lakini kaburini baba mdogo akashuka kichwani, binamu akashuka miguuni, halafu baba mdogo akaita kutoka chini, "Rama yuko wapi? Njoo shika katikati." Alikuwa anajua. Kumbe ulimwambia na yeye.

Watu wakanipisha njia. Nilitembea mpaka ukingoni. Nikaangalia chini, nikaangalia mkono wangu, nikamkumbuka Baba alivyokuwa akiteleza. Mtu hatakiwi kujaribu bahati yake na mwili wa ndugu yake. Nikakunja shati, nikauonyesha mkono, ile nyama iliyojikunja juu na shimo chini yake, rangi ya zambarau imegeuka manjano. Sijawahi kuona aibu kama ile, wala sitaki kuelezwa kwamba ilikuwa ajali.

Fundi Athumani akavua viatu. Akavipanga pembeni vizuri, kama mtu anayeingia msikitini, akashuka. Mtu mwenye mikono kama vijiti vya mishikaki. Shuka lilikuwa limetandwa lakini mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na niliona. Alikupokea kiunoni, akakuleta kifuani, akasimama kwa miguu. Hukuyumba hata kidogo. Nilimshukuru Mungu na wakati huohuo nilimwonea wivu Athumani, wivu mchungu, mbele ya kaburi lako. Nilichota udongo mara tatu kwa mkono wa kushoto. Unisamehe na hilo.

Basi ndiyo habari niliyokuwa nayo. Si mimi niliyekushika katikati. Nimeona nikuandikie mwenyewe. Dua nasoma pia, kila baada ya sala, lakini kwenye dua siwezi kusema habari ya fulana.

Siku ya arobaini yako, wageni walipoondoka, nilimkuta Mama jikoni anachambua mchele ambao hakuna aliyekuwa anaungoja. Akaniambia bila kuinua macho, "Sudi amelala pazuri. Mimi sasa nitashushwa na nani?" Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli. Baba mdogo ni shemeji yake tu, tena amezeeka, magoti hayamsikilizi. Na Athumani hata akitaka, si mahramu wake, si ndugu wa damu wala wa kunyonya. Mwana wa kiume aliyenyonya kwake amebaki mmoja, naye ana mkono mmoja na nusu. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji ambayo hayakuwa yamekwisha.

Tangu wiki ile nakuja hapa kila jioni nikishafunga saluni. Daktari amesema msuli ule hautarudi kama zamani, ila miguu ipo, mgongo upo, mabega yapo, na mkono wenyewe una misuli mingine ambayo sikuwahi kuijali kwa sababu haionekani kwenye kioo. Naning'inia kwenye bomba lako, pale palipo safi. Kujivuta bado siwezi. Naning'inia tu mpaka viganja viachie, nashuka, narudia. Na nimejaza gunia mchanga wa ufukweni, nikalishona mdomo. Nachuchumaa, naingiza mikono yote chini yake, nalileta kifuani, nasimama kwa miguu, natembea nalo hadi kwenye mchikichi, nalilaza chini taratibu. Wiki za kwanza nililiangusha kila mara. Sasa naliangusha mara mojamoja.

Mama huwa amekaa mlangoni na kikombe chake cha chai. Wiki zote hizo hakuniuliza gunia ni la nini. Jana nilikuwa nimeongeza mchanga, nikalinyanyua hadi magotini likanishinda, nikakaa chini nikitweta. Akanitazama, akalitazama na gunia, akasema:

"Punguza, mwanangu. Mimi si mzito kiasi hicho."

Nilimwambia nitapunguza. Sikupunguza. Kichwa changu nilikiinamisha nikajifanya nafunga kamba za viatu, maana nilikuwa nalia na sikutaka aone mtu mzima anamlilia naye angali hai.

Neno nililokupa kule ziwani sikulitimiza, na hakuna namna ya kulitimiza tena. Nakupa hili jingine badala yake, na halina kioo wala futi. Siku ya Mama ikifika, iwe mbali, iwe mbali sana, mimi nikiwa hai nitashuka. Nitamleta kifuani. Hatayumba.

Lala salama, Sudi. Maneno ya Ijumaa ile yarudi kwangu mimi niliyeyasema, yasibaki kwako. Mikono yako ilikuwa mizuri.

Ndugu yako wa kunyonya,
Rama