Mkono wa Gauni la Bibi

Baba Damalie,

Maharagwe yako jikoni, chumvi bado. Kuku wafungie kabla ya mvua. Cherehani yangu usiiguse tena!

Najua asubuhi ulitaka kunisaidia. Ulikuta gauni nililoshona kwa mfano wa lile la bibi yangu, mkono umechanika kutoka begani hadi kwenye kiwiko, ukauziba. Tena umeshona vizuri, hapo ndipo uliponiudhi. Mtu mzima, hukuuliza? Mkono ule niliuchana mwenyewe, kwa kupima. Bibi alinionyesha kwa kidole mahali askari wa chifu walipomkamata wakamchania mkono wa gauni, siku aliyokataa kubeba pamba yao. Miaka yote hiyo sijasahau, halafu wewe unawafichia kosa kwa sindano yangu!

Nimefumua. Damalie atalivaa leo kwenye igizo la kanisa kule Masinya, akimwigiza bibi, mkono ukining'inia. Wajukuu wa chifu watakaa viti vya mbele. Wauone.

~~Wewe baki nyumbani.~~ Njoo saa nane. Vaa shati jeupe, lile lililokatika kifungo. Hicho nimekishona, maana hakikung'olewa na askari.

Mama Damalie