Shamba Ulilonirudishia

Wakili Boke,

Marwa alihutubia kwenye mazishi yako. Ndiyo, shemeji yangu yuleyule uliyepambana naye kwenye baraza la ardhi miaka minne, aliyekuita mwanamke asiye na kwao. Alivaa koti, akashika kipaza sauti, akasema, "Tumempoteza mtetezi wa wanyonge." Nilikuwa nimekaa chini na akina mama. Niling'ata khanga nisipige kelele.

Wiki haikuisha akaja kwetu kijijini Nyambureti na jembe la ng'ombe, akaanza kulima shamba langu upande wa mtoni. Nikamkimbilia na hukumu uliyonipatia mkononi. Akacheka. "Mama Mwita, hiyo karatasi ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe mmeshamzika."

Siku hiyo nilikuchukia, Wakili. Acha nikwambie tu.

Daktari alikwambia uende Mwanza ukaangaliwe figo. Ukasema baada ya kesi ya wazee wa Kewanja. Ikaisha, ukasema baada ya ile ya Nyangi wa Busawe. Wewe, uliyekuwa unagombana na kila anayeomba kesi iahirishwe! Safari yako uliiahirisha mpaka ukapelekwa umelazwa ndani ya gari, hujitambui. Na sisi tulikuwa tunaona. Miguu imevimba, unakwenda na malapa, viatu umeshika mkononi mpaka mlangoni pa mahakama. Tulikupa pole, kisha tukakuletea kesi nyingine.

Nyangi nilimleta mimi.

Sijamwambia mtu hilo. Nakwambia wewe.

Siku ya kwanza nilipokuja ofisini kwako nilikuamkia shikamoo, kwa woga, ingawa ningeweza kukuzaa. Ukasimama haraka. "Mama, usinifanyie hivyo. Mimi ndiye wa kukuamkia." Ukaniamkia, ukanipa kiti chako, wewe ukakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Tangu mume wangu afariki, ukoo mzima ulikuwa unanipita kama kisiki. Nikalia kabla sijaeleza shida yangu, nawe ukaningoja mpaka nilipomaliza.

Ofisi hiyo sasa ni duka la vipuri vya pikipiki. Wakili aliyechukua majalada yako alinishauri nielewane na Marwa, tugawane shamba, maana sisi ni ndugu. Nielewane naye! Nikaomba karatasi zangu nikatoka.

Nilikwenda barazani peke yangu kuomba hukumu ikaziwe, Marwa aondolewe kwa amri. Mara ya kwanza wakasema jalada halionekani. Mara ya pili, anayehusika hayupo. Mara ya tatu sikuuliza kitu. Nilikaa mlangoni pao, nikawaambia leo siondoki. Kabla ya saa sita jalada likaonekana. Mwenyekiti akaniuliza, "Wakili wako yuko wapi?" Nikamjibu, "Amekufa, mheshimiwa. Hukumu haijafa." Akainama akasoma ukurasa kwa ukurasa.

Marwa ameondolewa. Alitoka na ng'ombe wake bila kunitazama. Nilisimama katikati ya matuta nikageuka nimwambie mtu kwamba tumeshinda, na mtu mwenyewe ni wewe. Nikarudi nyumbani, sikupika.

Sasa wajane wanakuja kwangu. Wamesikia. Jumanne nampeleka barazani Robi, binti mdogo tu, ana mtoto mgongoni. Shemeji zake wamemfungia nyumba, vyombo vyake viko nje vinanyeshewa. Sijui sheria, na maneno yako sina. Lakini nitakaa naye pale, na wakituambia turudi wiki ijayo, hatutaondoka mpaka waseme kwa nini. Hilo nakuahidi.

Wengine walikutakia pumziko jema. Mimi bado sijaweza. Nina hasira nawe, Wakili, na nimeona niibebe hivyo hivyo, maana nikiiweka chini sitapata nguvu ya kupanda gari Jumanne.

Kwaheri, mwanangu.

Ni mimi, Mama Mwita wa Nyambureti.